Bakteria wa kuharisha alipokutwa kwenye mkojo

Na Mwandishi Wetu

KILA aliyewahi kulala kwenye foleni ya Malaba, Tunduma au Rusumo anaijua hesabu hii. Choo kiko mbali, ni cha kulipia, maji hakuna, na ukiondoka mzigo unabaki peke yake. Basi hunywi maji. Unajibana tangu alfajiri hadi karatasi zigongwe muhuri. Siku ya pili au ya tatu mkojo unaanza kuchoma, unakwenda haja ndogo kila mara na kinachotoka ni matone. Unaingia duka la dawa la jirani, unasema "nina UTI", unapewa vidonge kwa kadiri ya pesa uliyotoa, safari inaendelea.

Huenda wiki hiyohiyo umeharisha pia. Hilo unalihesabu kuwa jambo jingine kabisa: ni kachumbari ya jana, au maji ya kisima usichokizoea. Tumbo na njia yake, mkojo na njia yake.

Maabara nazo zimezoea kugawa kazi hivyohivyo. Kinyesi kikiletwa, hutafutwa bakteria wa kuharisha. Mkojo ukiletwa, hutafutwa bakteria wa mkojo. Ni mgawanyo mzuri kwa karani wa maabara, lakini bakteria hawakuulizwa. Tukio lililoanzia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwaka 1991 linaonyesha kwamba mpaka huo kati ya tumbo na kibofu una njia za panya nyingi kuliko tulivyodhani, na linamhusu mtu anayenunua dawa akiwa safarini pengine kuliko mtu mwingine yeyote.

Ukoo mmoja, kazi mbalimbali

Bakteria tunayemzungumzia anaitwa Escherichia coli, kwa kifupi E. coli. Jina hilo linatokana na daktari wa watoto, Theodor Escherich, aliyemweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1885 mjini Munich baada ya kumkuta katika vinyesi vya watoto wachanga. Wewe unaye, mimi ninaye, ng'ombe, mbuzi na kuku wanaye. Wengi wa ukoo huo hukaa utumbozi bila kumdhuru mtu.

Wachache wana vifaa vya shari. Vifaa hivyo hutengenezwa kwa maagizo yaliyoandikwa katika jeni, yaani urithi ambao kila kiumbe hubeba ndani yake. Mwenye jeni za aina moja hutengeneza sumu. Mwenye nyingine hutengeneza vijinywele vya kung'ang'ania ukuta wa utumbo. Mwaka 1987 watafiti waliokuwa wakichunguza bakteria kutoka kwa watoto wanaoharisha nchini Chile walitenga kundi moja lenye tabia ya kujikusanya. Ukiliangalia kwenye hadubini, bakteria wake wamepangana juu ya seli kama matofali yaliyopangwa na fundi asiye na haraka. Hao huleta kuhara kwa majimaji na makamasi, na kwa watoto wadogo kuhara huko kunaweza kuendelea kwa wiki mbili au zaidi. Wasafiri nao huwapata sana.

Kundi jingine ni la mkojo. Katika maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo, E. coli ndiye chanzo kwa takriban wagonjwa watatu kati ya kila wanne. Hapa lazima jambo moja lieleweke vizuri, maana ndipo wengi hupotea. Bakteria wa mkojo naye anatoka utumbozi. Hutoka kwenye njia ya haja kubwa, akatambaa hadi kwenye mrija wa mkojo, akapanda kwenye kibofu. Kwa mwanamke mrija huo una urefu wa sentimita nne hivi, kwa mwanamume unafika karibu ishirini, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya wanawake kuugua zaidi. Usafi wa mtu hauna lawama kubwa hapo kama watu wanavyopenda kudhani.

Kwa hiyo kutoka utumbozi si habari. Kilichoaminika ni kwamba bakteria wa mkojo hukaa utumbozi kwa amani, na ukali wake huonekana akifika kwenye kibofu. Na kwamba yule wa kuharisha humaliza ukorofi wake hukohuko tumboni. Wawili hao walihesabiwa kuwa na mafunzo tofauti na vifaa tofauti.

Kilichokuwa kwenye friza ya Copenhagen

Mwaka 1991 ulizuka mlipuko wa maambukizi ya njia ya mkojo Copenhagen. Mlipuko wenyewe ulikuwa ajabu, kwa sababu UTI kwa kawaida ni ugonjwa wa mtu mmojammoja. Haiambukizi mtaa kama kipindupindu. Bakteria aliyehusika alikuwa E. coli wa aina inayojulikana kwa alama O78:H10, naye alikuwa sugu kwa dawa nyingi. Wagonjwa walitibiwa, sampuli zikahifadhiwa kwenye ubaridi, mambo yakapita.

Miaka ishirini baadaye watafiti wa Denmark na Marekani walizifungua sampuli hizo wakiwa na vipimo vya jeni ambavyo mwaka 1991 havikuwapo katika maabara za kawaida. Walikusanya bakteria 51 wa aina hiyo, waliohifadhiwa kati ya mwaka 1956 na 2000. Arobaini na wanane walitoka kwa binadamu wa nchi saba, na 19 kati yao walikuwa wa mlipuko wa Copenhagen. Mmoja alitoka kwa ndama na mmoja kwa ndege.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Bakteria wote 19 wa Copenhagen walikuwa wa tawi moja la ukoo, na tawi hilo lote lilikuwa la wale wapanga matofali, bakteria wa kuharisha. Jeni zao za kuharisha zilikuwa kamili: jeni kuu inayotoa amri, jeni za vijinywele, jeni za protini zinazosaidia kuvamia utando wa utumbo. Pembeni ya hizo walikuwa na jeni ambazo kwa kawaida hukutwa kwa bakteria wanaoishi nje ya utumbo, zikiwamo za kunyakua madini ya chuma. Mkojo una chuma kidogo sana, na bakteria asiye na njia ya kukinyakua hunyauka humo kama mche kwenye mchanga.

Basi alikuwa na seti mbili za vifaa. Watafiti walieleza kuwa hiyo ilikuwa mara ya kwanza kundi hilo la kuharisha kuhusishwa na mlipuko wa ugonjwa nje ya utumbo miongoni mwa watu wa kawaida mitaani.

Swali likabaki: je, zile jeni za kuharisha zilimsaidia kwenye kibofu, au alizibeba tu kama abiria anavyobeba koti la baridi akiwa Mombasa? Mwaka 2013 jibu la maabara likatoka. Vijinywele vilevile vinavyong'ang'ania utumbo viliwasaidia bakteria wa Copenhagen kushika seli za kibofu na kujenga utando wao. Bakteria akishajifunika kwa utando, dawa humfikia kwa taabu na kinga ya mwili humfikia kwa taabu. Jaribio la seli kwenye sahani si mgonjwa mzima, lakini koti lile lilikuwa na kazi.

Nchini Brazil, watafiti wa São Paulo walikwisha kupima mamia ya bakteria wa mkojo na kuchapisha mwaka 2008 kwamba sehemu ndogo yao walibeba alama za jeni za kuharisha. Sehemu ndogo, tusitishane. Anayekojoa kwa maumivu leo pale Namanga, uwezekano mkubwa ni kwamba ana bakteria wa mkojo wa kawaida. Lakini mchanganyiko upo, umeonekana katika zaidi ya bara moja, na namna unavyotokea ndiyo inayotuhusu.

Mzigo usiopita forodhani

Binadamu hurithi jeni kutoka kwa baba na mama, basi. Bakteria ana njia ya ziada. Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha kwamba E. coli wawili wanaweza kupeana jeni wakiwa hai, ana kwa ana. Baadaye ikajulikana kuwa sehemu kubwa ya mzigo huo husafiri katika vipande vidogo vya mviringo viitwavyo plazimidi. Bakteria hunakili plazimidi yake, hunyoosha kijimrija, na kumpitishia jirani. Hakuna ankara wala ukaguzi, na jirani si lazima awe wa tawi lake.

Jeni kuu ya wale wapanga matofali, pamoja na jeni za vijinywele vyao, hukaa kwenye plazimidi. Jeni nyingi za usugu wa dawa nazo hukaa kwenye plazimidi. Kwa hiyo utumbo wa mtu mmoja, wenye bakteria wasiohesabika, ni soko ambamo vifaa vya kuharisha, vifaa vya mkojo na kinga dhidi ya dawa vinaweza kukutana kwenye meza moja.

Sasa rudi kwenye vidonge vile vya siku mbili. Umevinunua kwa ajili ya kibofu, lakini dawa inayomezwa hupitia utumbo na husambaa mwilini. Huko tumboni inaua bakteria wengi wapole na kumwacha yule mwenye jeni ya usugu. Nafasi inabaki wazi, naye anazaana. Ukirudia safari ijayo, na safari ijayo tena, unafanya kazi ya kuchagua mbegu: kila mara unawafyeka walio dhaifu na kuwabakizia uwanja walio wagumu. Siku kibofu kikivamiwa tena, mvamizi anatoka kwenye shamba hilohilo ulilolipalilia.

Bei ya matango

Wafanyabiashara wanaweza kusema haya ni ya madaktari. Basi na tuangalie kilichotokea Ujerumani mwaka 2011, kwa sababu mhusika alikuwa wa familia hiyohiyo ya wapanga matofali, na mara ile mchanganyiko wake uliingia mpaka kwenye vitabu vya hesabu vya wakulima.

Safari ile bakteria, wa alama O104:H4, alikuwa amepata jeni ya sumu iitwayo Shiga. Jeni hiyo hubebwa na virusi wanaoshambulia bakteria. Kirusi anapoingia huiacha ndani. Matokeo yake yalikuwa bakteria anayeng'ang'ania kama wa Chile na kumwaga sumu inayoharibu figo. Alikuwa pia sugu kwa dawa nyingi za jamii ya penisilini. Watu 3,816 waliugua, 845 kati yao wakapata tatizo la figo na damu linaloletwa na sumu hiyo, na 54 walifariki dunia.

Mwishoni mwa Mei, kabla ya uchunguzi kukamilika, mamlaka za Hamburg zilitaja matango kutoka Hispania. Kulikuwa na bakteria kwenye baadhi ya matango hayo, ila siku chache baadaye ikajulikana si yule anayeua watu. Muda ulikuwa umepita. Maagizo yalifutwa, matango yakatupwa mashambani, wauzaji wa Hispania wakasema wanapoteza kiasi cha euro milioni 200 kwa wiki. Urusi ilifunga mlango kwa mboga zote za Umoja wa Ulaya. Umoja huo ulilazimika kutenga euro milioni 210 kuwafidia wakulima.

Chanzo kilipopatikana hakikuwa tango. Yalikuwa machipukizi yaliyooteshwa kutokana na mbegu za uwatu, na wachunguzi wa Ulaya walifuatilia mbegu hizo hadi shehena iliyotoka Misri na kufika Ujerumani mwishoni mwa 2009. Shehena moja, iliyogawanywa kwa mawakala, ikauzwa kwa vipimo vidogovidogo, mpaka ikawa kazi kujua gunia gani lilikwenda wapi. Anayeuza maharagwe kutoka Uganda hadi Juba anaijua njia hiyo kwa miguu.

Wenye biashara ya mahindi hapa kwetu wana kumbukumbu ya karibu zaidi. Machi 5, 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti ya vyeti na usajili. Sumukuvu ni ya ukungu wala si bakteria, lakini darasa la malori yaliyokwama mpakani ni lilelile: mwenye cheti cha maabara alikuwa na la kusema, asiye nacho alikuwa na pole tu.

Theluthi moja

Turudi kwenye mkojo, na safari hii tuwe nyumbani. Mradi wa utafiti uitwao HATUA, uliowaunganisha wanasayansi wa Kenya, Tanzania, Uganda na Uingereza, uliwapima zaidi ya wagonjwa 7,000 waliokuwa na dalili za UTI katika nchi hizo tatu. Maabara ilipootesha mikojo yao, takriban theluthi moja ndio waliothibitika kuwa na maambukizi ya bakteria. Kati ya bakteria waliopatikana E. coli aliongoza, na sehemu kubwa ya bakteria hao walikuwa sugu kwa dawa za makundi matatu au zaidi.

Isome tena hiyo theluthi. Wengi wa waliokuja na dalili hawakuthibitika kuwa na kitu ambacho vidonge vya bakteria vingekitibu. Kuchoma kwa mkojo kunaweza kuletwa na magonjwa ya zinaa, fangasi, kichocho kwa wanaoishi kando ya maziwa, au mkojo mkali wa mtu asiyekunywa maji kutwa nzima. Muuza dawa wa mpakani hana namna ya kutofautisha kwa kukutazama usoni, na mimi simlaumu sana. Mteja amesimama na pesa mkononi, injini ya lori inanguruma nje.

Dawa ya kweli ni kuotesha mkojo maabara, kujua bakteria gani yupo na anakufa kwa dawa gani. Tatizo ni muda. Kuotesha huchukua siku moja hadi tatu, na mama anayetoka Kigoma na dagaa hawezi kuzisubiri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishaonyesha mwaka 2020, kwa maabara zake zinazotembea, kwamba kipimo kinaweza kumfuata dereva mpakani. Madereva waliosubiri majibu ya korona wanakumbuka foleni zile kwa uchungu, lakini wanakumbuka pia kwamba majibu hatimaye yalikubaliwa upande wa pili. Kwa maoni yangu mkojo unahitaji kidogo kuliko hapo. Sampuli ichukuliwe upande huu, matokeo yatumwe kwa simu, na kliniki ya upande wa pili iyakubali. Tunatuma pesa kwa simu kuvuka mipaka kila saa. Jina la dawa na la bakteria halina uzito kuliko hizo.

Mpaka hilo lifanyike, yapo mambo machache yaliyo mikononi mwa msafiri. La kwanza ni maji, na si porojo za bibi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa Bulgaria kwa wanawake 140 waliokuwa wakipata UTI mara kwa mara na kunywa maji kidogo. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu ya maji kwa siku. Katika mwaka mmoja waliokunywa waliugua kwa wastani mara 1.7, na wasioongeza mara 3.2. Hakuna kidonge cha mpakani chenye rekodi hiyo kwa bei hiyo. Ila ukimwambia mwanamke anywe maji, kisha vyoo vya kituo vimefungwa kufuli usiku, umemdhihaki. Vyama vya wafanyabiashara vinapokaa na wakuu wa vituo vya mpakani kuzungumzia ushuru, choo chenye maji na taa kingestahili kuwa kwenye ajenda hiyohiyo, maana kina faida ya fedha inayohesabika.

La pili, homa, maumivu ya kiuno au ubavuni na kutapika pamoja na mkojo kuchoma ni dalili kwamba huenda figo zimeguswa. Hapo ni hospitali, si duka. Mjamzito na mwanamume wasibahatishe hata bila homa. Na mwenye kuharisha damu asinunue dawa ya kuua bakteria kwa kukisia, kwa sababu kwa wale wenye sumu ya Shiga baadhi ya dawa hizo zinaweza kuongeza madhara kwenye figo.

La tatu linahusu jina. Dawa moja huuzwa Kampala kwa jina la kiwanda kimoja, Arusha kwa jingine, Bujumbura kwa jingine tena. Watu hununua ileile mara mbili wakidhani wamebadilisha. Mwombe mhudumu akuandikie jina halisi la dawa, kile kilichomo, pamoja na kipimo na tarehe uliyoanza, kisha ulipige picha kwa simu. Jina halisi ni lilelile Goma, Kigali, Mwanza na Kisumu, na daktari wa upande wa pili akiliona anajua kilichokwisha kujaribiwa kikashindwa.